Mama Viroboto na Kisima cha Kitaluni

Jumatatu aliyorudi kazini, Mama Viroboto alikuta mitungi saba kati ya minane imegeuka uji wa kijani. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akaitazama rafu kwa muda, kisha akatundika mkoba kwenye msumari, akavaa koti lake jeupe, akanawa mikono. Ndipo akasogea. Ndani ya mtungi wa nane, ule uliovunjika ukingo, aliona kitu kikiruka. Akahesabu. Kumi na mmoja. Akarudia, maana viroboto hawatulii wakahesabika kwa mara moja. Kumi na mmoja.

Si viroboto wale wa mbwa. Hawa ni wa majini, na kiroboto wa maji akizaliwa hafiki punje ya chumvi. Akikua sana hashindi kichwa cha njiti ya kiberiti. Mwili wake unaonyesha ndani, na ukimweka chini ya hadubini unauona moyo wake ukipiga. Alikuwa amewafuga miaka kumi na tisa, mama kwa binti kwa mjukuu, maana wakiwa na raha zao hawana haja ya dume: jike huzaa majike peke yake, bila kumngoja mtu. Wenzake walimpa jina kwa sababu ya ufugaji huo, na jina likamganda. Hata mlinzi wa getini alikuwa ameshasahau lile la kwenye kitambulisho.

Kazi ya viroboto hao ilikuwa kufa, au kutokufa. Maabara ile ilipima maji yanayochujika chini ya dampo la mji. Mvua ikinyesha juu ya mlima wa taka hupenya katikati ya mabaki ya vyakula, betri, nepi, makopo ya rangi na dawa zilizokwisha muda wake, na ikitokea chini huwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa mekoni. Mashine za chumba cha pili ziliweza kusema ndani ya maji hayo mna nini: amonia kiasi hiki, risasi kiasi kile. Lakini mashine haijui vitu hivyo vikikutana vinamfanyia nini kiumbe. Kwa hilo unahitaji kiumbe.

Mkemia wa chumba cha pili, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno mengi na shati lisilochomekewa vizuri, ndiye aliyeachiwa kuwalisha. Alikuja akasimama nyuma yake.

"Dada, pole. Wamekwisha?"

"Uliwapa nini?"

"Mwani, kama ulivyonielekeza. Matone matatu kila asubuhi." Akajikuna kisogo. "Ila Jumatano niliwaona kama wamekonda. Nikawaongezea."

"Ukawaongezea kiasi gani?"

"Kijiko."

Kijiko! Ni kama kumwagia mtoto mchanga gunia la mchele kitandani. Chakula kisicholiwa kilioza, uozo ukala hewa yote ya majini, na wadudu wakakosa pumzi huku matumbo yamejaa.

"Niliwaonea huruma," alisema mkemia.

"Najua."

Kijana alingoja afokewe. Alikuwa na haki ya kungoja. Mwaka juzi alinuniwa wiki nzima kwa kufungua dirisha tu. Safari hii Mama Viroboto alichukua pipeti, akawahamisha wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kwenye maji safi, akamwaga uji wa kijani, akasugua mitungi. Alipomaliza aliandika karatasi, akaibandika ukutani kwa gundi: *Matone matatu. Wakionekana wana njaa, waache na njaa yao.* Mkemia aliisoma akacheka. Kisha akamwona mwenzake hacheki, naye akaacha.

Sababu ya likizo ile ya siku tisa hakuna aliyeijua. Kwenye fomu aliandika "mambo ya nyumbani", na mkuu wa maabara, ambaye ni mtu wa taratibu, alisaini bila kuuliza.

Mambo yenyewe ya nyumbani yalikuwa hivi. Mume wake, fundi wa majokofu, alikuwa ameondoka baada ya miaka ishirini na minne. Hapakuwa na ugomvi. Jumamosi mchana, wakiwa mezani, aliweka kijiko chini akasema, "Nataka nikwambie jambo, na tafadhali usipige kelele." Hakupiga. Akaelezwa kwamba kuna mwanamke, kwamba wana miaka mitatu pamoja, kwamba kuna mtoto, na kwamba ni uungwana zaidi kuhama kuliko kuendelea kudanganya. Alisema neno hilo, uungwana. Halafu akamaliza chakula chake. Hicho ndicho alichokikumbuka Mama Viroboto kuliko yote: alimaliza chakula, akakwangua sahani, akashukuru, akanawa. Akaondoka na begi moja na pasi, pasi ambayo kwa mkono wake hajawahi kuishika.

Mwenye kufiwa huketiwa karibu, hushikwa mkono, huletewa sufuria la chakula. Aliyeachwa huangaliwa usoni, watu wakitafuta kosa lake limekaa wapi. Kwa hiyo hakumwambia mtu isipokuwa binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Binti alilia kwenye simu mpaka ikawa mama ndiye anayembembeleza.

"Mama, mbona wewe hulii?"

"Nitalia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Nafasi alikuwa nayo tele. Kwa siku tisa alifua mapazia, akasugua friji ndani na nje, akapanga vifuniko vya masufuria kwa ukubwa. Ndani yake palikuwa kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi: unajua pana jino, ulimi unaligusa, lakini si lako. Siku ya kumi akaona heri arudi kazini.

Alhamisi ya wiki ile ile alikuja mchukua sampuli. Huyu alikuwa mtu mzima, mnene, mcheshi, na wote walimwita Ndoo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Alifungua kisanduku chake cha barafu, akapanga chupa mezani. Nne zilikuwa za kawaida: mbili kutoka bwawa linalokusanya maji meusi ya dampo, mbili kutoka mashimo ya uchunguzi yaliyochimbwa pembezoni. Ya tano ilikuwa na maji meupe, na lebo yake imeandikwa kwa kalamu ya risasi: *Kisima. Kitalu cha miche.*

"Hii haimo kwenye orodha," alisema Mama Viroboto.

"Haimo. Kuna mama mmoja ana kitalu, hapo chini ya mteremko wa dampo. Miche yake inakauka, anamwagilia inazidi kukauka. Kanikamata shati, dada, nikakosa pa kutokea. Kaniambia, wewe unayebeba maji ya watu kila mwezi, beba na yangu."

"Mkuu anajua?"

"Atajua ukimwambia."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alisema kitu kikishaingia mlangoni lazima kiandikishwe, na iandikishwe kama nyingine. Lakini ya kupimia palikuwa na nini? Viroboto kumi na mmoja, tena waliodhoofu. Kipimo kimoja tu cha chupa moja kilitaka wadudu zaidi ya mia, wote wachanga, wasiotimiza siku moja tangu kuzaliwa.

"Wiki tatu," alisema Mama Viroboto.

"Basi ziwekwe friza. Utaratibu unaturuhusu mpaka miezi miwili."

Ni kweli, utaratibu uliruhusu. Chupa tano zikaingia friza, ile ya kitaluni ikiwa ya mwisho, karibu na mlango.

Wiki zile tatu alifuga. Kila asubuhi matone matatu, kila siku ya pili maji mapya. Watoto wa kwanza walipozaliwa aliwatenga, maana uzao wa kwanza haufai kwa kipimo. Mkemia alipita mara kwa mara na mzaha wake, "Wajukuu hawajambo?" naye alijibu "Hawajambo" kama anayejibu simu. Siku moja kijana alivuta kiti akaketi.

"Dada, nikuulize. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Maana mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimesema siumwi. Nipitishie kitambaa hicho."

Jumapili ya wiki ya pili mume alikuja kuchukua kisanduku cha spana. Alibisha hodi kwenye nyumba aliyoipaka rangi mwenyewe. "Hujambo?" "Sijambo." Alikuwa amenyoa ndevu. Aliinama chini ya sinki, akatoa kisanduku, akaona bomba linavuja, akakaza nati kwa mazoea, kama vile hajahama. Mama Viroboto alisimama pembeni akimwangalia mgongo. Kwenye kipimo, kiroboto aliyelala chini hutikiswa taratibu, na asiposogea kwa sekunde kumi na tano huandikwa kuwa hatembei. Alijikuta anahesabu, bila kujua anampima nani. Alipofika kumi na tano mume alikuwa ameshainuka, anajifuta mikono na taulo la jikoni.

"Lilikuwa linavuja," alisema.

"Ahsante," alijibu, naye akaondoka.

Wiki ya nne kipimo kilianza. Aliyeyusha sampuli, akachanganya kila moja na maji safi kwa hatua: nzima, nusu, robo, nusu ya robo, na kuendelea. Kila hatua ilipata bilauri nne ndogo, na kila bilauri wadudu watano. Pembeni akapanga bilauri nne za maji safi matupu, za kulinganishia, ili ijulikane kwamba wadudu wenyewe walikuwa wazima. Kanuni ilikuwa wazi: kati ya ishirini wa maji safi, wasife zaidi ya wawili. Wakizidi, kipimo chote ni batili, hata kiseme nini.

Baada ya saa arobaini na nane alikaa na taa yake na daftari. Maji ya bwawa yaliua wote, hata yalipozimuliwa mara nane. Hilo halikumshangaza mtu. Akafika kwenye kisima. Maji yale yalikuwa meupe, hayana harufu, ungeyatia kwenye glasi ukampa mgeni. Kati ya viroboto ishirini, kumi na watatu walikuwa wamelala chini. Akatikisa, akahesabu sekunde. Kumi na watatu.

Kisha akahesabu wa maji safi. Mmoja alikuwa amelala. Bilauri ya pili, mmoja. Ya tatu, hakuna. Ya nne, mmoja.

Watatu.

Mkemia alikuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai. "Vipi?"

"Kwenye za kulinganishia wamekufa watatu."

"Mwisho wangapi?"

"Wawili."

Kijana alikuja akainama juu ya bilauri ya nne. "Huyu kama ananyanyua mkono, huyu. Dada, watatu na wawili, nani atajua? Kisima kimeua kumi na watatu! Hata kipofu anaona." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tena kosa ni langu. Wangekuwa na nguvu zao wasingekufa."

Mama Viroboto alimtikisa yule wa bilauri ya nne mara nyingine, ingawa hairuhusiwi kumpa nafasi mbili. Hakunyanyua mkono wala mguu. Akaandika kwenye daftari: 3. Hakujiona shujaa. Ilikuwa tatu, basi akaandika tatu.

Mkuu alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. "Batili," alisema.

"Batili."

"Ndoo akachukue maji mapya, turudie. Barua yoyote isitoke."

"Mkuu, kama wale watu wanakunywa?"

"Hatujui kama wanakunywa."

"Hatujawauliza."

Mkuu akaketi. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, nikiandika leo kwamba kisima kina sumu, wenye dampo wataomba daftari. Watafungua ukurasa huu, wataona watatu. Barua itatupwa, na hata ya pili ikiwa safi watasema hawa ndio wale wale. Nipe siku kumi na kipimo kisicho na doa."

Alikuwa na haki, na Mama Viroboto alijua ana haki, maana angekuwa yeye mkuu angesema maneno hayo hayo. Akasema sawa. Jumamosi asubuhi alivaa viatu vya kutembelea, akaenda kitaluni.

Kitalu kilikuwa kimepangwa vizuri, mistari ya mifuko midogo myeusi chini ya wavu wa kivuli, kila mstari na kibao chake. Nusu ya juu ilikuwa kijani. Nusu ya chini, upande wa kisima, majani yalikuwa ya manjano yenye kingo za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Mwenye kitalu, Mama Miche, alitoka na buti za mpira na toroli. Umri wao ulikuwa mmoja.

"Karibu mama. Miche ya matunda au ya kivuli?"

"Sikuja kununua. Natoka maabara. Chupa ya kisima chako iko kwetu."

Mama Miche aliweka toroli chini. "Ehe."

"Matokeo hayajatoka. Kipimo kimeharibika, tunarudia. Sina karatasi ya kukupa, na ukiniuliza kazini nitasema sijaja. Lakini msinywe."

"Umekuja kama nani sasa?"

Aliwaza. "Kama mtu aliyeyaona."

"Umeyaona lini?"

"Alhamisi."

"Na chupa yangu imefika kwenu lini?"

"Wiki ya nne sasa."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye friza."

Mama Miche alivua glavu moja, kisha ya pili, akazipiga pamoja zikatoa vumbi. "Wiki nne maji yangu yamelala kwenye friza," alisema polepole, "na sisi tunachota. Mimi na binti tuliacha kuyanywa tangu mwaka jana, yalianza kuwa na ladha ya sabuni. Mama yangu hakuacha. Ana miaka themanini na mbili, anasema maji ya bomba yananuka dawa, yeye ni maji ya kisima chake tu. Wiki nne! Hamna simu huko?"

"Tunayo."

"Basi?"

Palikuwa na majibu. Wadudu walikufa, mkemia alitia kijiko, utaratibu unaruhusu miezi miwili. Yote yalikuwa kweli, na aliyapanga kichwani kama bilauri. Hakutoa hata moja.

"Sina la kusema," alisema.

Mama Miche alimwangalia sana. Huenda alitegemea mtu atakayejitetea, apate wa kugombana naye. "Njoo basi umwambie mwenyewe," alisema, "maana mimi hanisikii."

Bibi alikuwa ameketi barazani, mdogo, mkavu, na bilauri ya bati mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi. Nimekuja kukuomba usinywe maji ya kisima."

"Yana nini?"

"Yana sumu kidogo kidogo."

"Sumu!" Bibi akacheka, meno mawili. "Nimeyanywa miaka hamsini. Kisima hiki alikichimba mume wangu kwa jembe na mikono. Sumu ingeniua mimi au ningeiua mimi?" Akanyanyua bilauri yake ya bati, akanywa funda kubwa mbele yao, akaguna kwa utamu.

Mama Miche alijipiga paja. Mama Viroboto aliangalia koo la bibi likipanda na kushuka. Alijua anapaswa kuhisi kitu, hofu au hata kicheko, akangoja. Kisha akaaga.

Kipimo cha pili kilikuwa safi. Kati ya ishirini wa maji safi hakufa hata mmoja. Kati ya ishirini wa kisima walilala kumi na watano. Ripoti ikaandikwa, mkuu akasaini, ikagongwa muhuri. Siku hiyo hiyo mkuu alimwita, akafunga mlango.

"Mwenye kitalu alipiga simu hapa wiki iliyopita. Alipiga kelele mpaka mapokezi wakaishika simu mbali na sikio. Alisema mama mmoja wa maabara alikuja akamwambia."

"Ni mimi."

"Kabla ya matokeo."

"Ndiyo."

"Ungekataa tu, mama, tungeyamaliza hapa hapa."

"Nilikuwa nimemwambia nitakataa," alisema. "Sasa naona nimechoka."

Barua ya onyo ilikuwa na aya mbili. Alisaini kwamba ameipokea, akarudi kulisha wadudu. Mkemia, aliyesikia yote kupitia ukuta mwembamba, alimletea chai bila mzaha wowote. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Aliinywa.

Amri ya kuziba kisima ilitoka wiki mbili baadaye. Ilibidi mtu wa maabara awepo atie saini, na mkuu alimtuma yeye. Labda ilikuwa adhabu, labda heshima, mkuu hakusema. Walipofika na Ndoo, mafundi wawili walikuwa wameshachanganya zege na kuandaa mfuniko, lakini kazi imesimama. Bibi alikuwa ameweka kiti chake juu kabisa ya ukingo wa kisima, ameketi, fimbo magotini.

"Hatoki," alisema Mama Miche. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu saa moja asubuhi. Nimebembeleza, nimelia, hatoki."

"Zege litakauka," alisema fundi mmoja.

"Likauke," alisema bibi.

Mama Viroboto aligeuza ndoo ya Ndoo kichwa chini, akaiweka kando ya kiti, akaketi. Hakuwa na mpango wowote, miguu tu ilikuwa inamuuma. Wakakaa. Jua likapanda juu ya wavu wa kivuli. Fundi alitia maji kwenye zege, akalikoroga, akatia tena. Ikapita kama nusu saa.

"Wewe ndiye yule wa sumu," alisema bibi mwishowe.

"Ndiye."

"Una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Kafa?"

"Hapana. Kahama."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa mtu asiye binti yake. Ndoo, aliyekuwa amesimama karibu, aligeuza uso akajifanya anaangalia miche. Bibi alitikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua.

"Wangu alikufa," alisema. "Alipokuwa anachimba hapa nilikuwa nampokea udongo kwa kikapu. Siku tisini na mbili. Nilikuwa na mimba ya huyu." Akamnyooshea Mama Miche fimbo. "Siku maji yalipotoka alinirushia matope usoni, mpumbavu yule." Akagonga ukingo wa kisima kwa fimbo. "Kweli yamekuwa mabaya?"

"Kweli bibi. Nimeyapima mara mbili."

"Hukukosea?"

"Mara ya kwanza nilikosea. Ya pili hapana."

Bibi alimtazama, halafu akanyoosha mkono. Mama Viroboto aliushika kumwinua. Ulikuwa mkavu na wa moto kwa jua, na bibi, akiisha kusimama, hakuuachia. Aliukamata kwa nguvu isiyolingana na umbo lake, na wakasimama hivyo huku mafundi wakiburuta mfuniko na kumwaga zege pembeni. Mfuniko ulipokaa mahali pake ulitoa mlio mfupi. Bibi alisema, "Haya," akaingia ndani, hakutoka tena.

Ndoo alileta fomu na kalamu. Mama Viroboto aliweka fomu kwenye goti, akaanza kuandika jina, herufi zikaenda huku na huku kama za mtoto wa chekechea.

"Umeshikwa na baridi?" aliuliza Ndoo, na jua lile la saa sita.

"Sijui," alisema. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akamaliza saini.

Karibu na njia panda aliomba asirudishwe kazini, apelekwe nyumbani. Ndoo hakuuliza, alizima tu redio ya gari. Nyumbani alivua viatu, akaketi kwenye kochi afungue vifungo vya blauzi, akalala hapo hapo kabla ya kifungo cha pili. Aliamka kesho yake asubuhi na alama za mto shavuni, na njaa kama ya mtu aliyetoka shamba. Alikaanga mayai manne, akayala amesimama jikoni, akafuta kikaango kwa mkate.

Kuhusu kisima, ilikuja kujulikana kwamba turubai la plastiki lililotandikwa chini ya bwawa la dampo lilikuwa limechanika kwenye kona moja, na maji meusi yalikuwa yakipenya ardhini kwa muda usiojulikana. Bwawa lilikaushwa, likatandikwa jipya. Bomba la maji lilifika kitaluni mwezi wa nane, baada ya Mama Miche kwenda ofisi za watu mara nyingi mno na sauti yake ile. Miche ya nusu ya chini aliing'oa yote. Bibi hakuugua chochote ambacho daktari angeweza kukitaja. Anakunywa ya bomba, na anayasema vibaya kila siku.

Mume hakurudi, wala hakuombwa. Binti alikuja kukaa wiki mbili mwezi wa likizo, akashangaa kumkuta mama yake amehamia chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, na kile cha zamani amekifanya stoo. Waliongea mengi, na siku moja, katikati ya kukunja nguo, Mama Viroboto alimwambia kwamba mara nyingine anakasirika. Alisema anakasirika jioni, akiwa anapanga sahani, na hasira ikija huwa kubwa hata inabidi aketi.

"Inaniuma hapa," alisema, akajigusa chini ya mbavu.

Binti alitaka kusema pole, lakini alipomwangalia akaona haombwi pole. Wakaendelea kukunja mashuka, mmoja ameshika pembe hizi, mwingine zile.